Mzee wa chai wa Kyoto

Siku hizi namsoma sana huyu mzee Sen Genshitsu na leo nimeona bora niandike maana kichwa kimejaa. Alifariki Kyoto tarehe 14 Agosti 2025 akiwa na miaka 102, na kesho yake Japani ilikuwa inaadhimisha miaka 80 tangu vita ya pili ya dunia iishe. Hiyo tarehe imenigusa kweli, maana ile vita ndo iliyomfanya awe mtu aliyekuja kuwa.

Kwa asiyemjua, alikuwa mkuu wa 15 wa Urasenke, mojawapo ya nyumba kubwa za sanaa ya chai kule Japani. Ukoo wenyewe unaanzia kwa Sen no Rikyu, yule bwana wa karne ya 16 aliyeifanya chai iwe kitu cha utulivu, kibanda kidogo, bakuli la kawaida, mbwembwe hakuna. Rikyu alimtumikia mtawala Toyotomi Hideyoshi mpaka huyohuyo Hideyoshi akamgeuka, mwaka 1591 akamwamuru ajiue. Kitu ninachokipenda zaidi kwa Rikyu ni mlango wa kile chumba cha chai, una sentimita kama 66 tu kwenda juu, kwa hiyo uwe samurai uwe mfanyabiashara utaingia kwa magoti, na upanga unauacha nje. Humo ndani wote ni wageni tu.

Sasa Genshitsu kazaliwa 1923, mtoto wa kwanza wa kiume, yaani urithi ulikuwa unamsubiri. Vita ikamkuta anasoma chuo kikuu cha Doshisha, 1943 wanafunzi wakachukuliwa jeshini, yeye akaangukia jeshi la majini akafundishwa urubani, na 1945 yuko kambi ya Tokushima kwenye kikosi cha kamikaze, wale marubani wa kwenda bila kurudi, na ndege zenyewe walizopewa ni za mafunzo, za mwendo wa polepole, zimefungwa mabomu. Vijana wa miaka ishirini na kitu. Hapa kila nikifika inabidi nipumzike kwanza.

Kwenye mizigo yake alikuwa na vyombo vidogo vya chai. Basi pale kambini akawa anawakaribisha wenzake, wanakaa chini na nguo zao za urubani, kitafunwa ni yokan, ile kama halua lakini ya maharage, anaweka unga wa kijani wa chai kwenye bakuli, anamimina maji ya moto, anapekecha kwa kipekecho cha mwanzi mpaka povu linapanda, anampa mwenzake kwa mikono miwili. Kwenye hii desturi mgeni kabla ya kunywa anamwinamia aliyekaa pembeni yake, anamwomba radhi kwa kutangulia, halafu anazungusha bakuli kidogo ili asinywee upande wake wa mbele. Nawaza wale vijana wakiombana radhi hivyo. Mmoja akamwambia Sen, nikirudi hai nitakuja kwenu ninywe chai kwenye chumba chenyewe. Walitangulia karibu wote. Zamu yake yeye haikufika, akabaki, na mwenzake mwingine aliyebaki ni Nishimura Ko, ambaye baadaye akawa muigizaji maarufu wa televisheni.

Vita imeisha, Japani imeshindwa, anarudi Kyoto na uchungu wake, anakuta nini nyumbani? Wanajeshi wa Marekani wamekaa mkekani wanajifunza chai kwa baba yake! Mzee anawafundisha kama wageni wengine wote, hawaogopi wala hawabembelezi, na wao wametulia wanafuata. Nadhani pale ndo chuki ilipoanza kumtoka, maana mwaka 1951 huyu kijana aliyekuwa ajilipue kwenye meli zao akaenda Hawaii na bara la Marekani kuwafundisha chai. Baba akafariki 1964, akashika nafasi, na akaendelea kuzunguka dunia na ujumbe wake mmoja, amani kwa bakuli moja la chai.

Kuna wanaosema hii sanaa imekuwa ya wenye pesa, na kweli bei za vyombo vingine zinatisha, lakini mtu aliyepika chai ya kuagana kambini simuhesabu kwenye hilo.

Mwaka 2002 akamwachia mwanae uongozi, ila kupumzika hakupumzika. Julai 2011, ana miaka 88, alitoa chai ya kuwakumbuka marehemu pale Pearl Harbor, Hawaii, juu ya Arizona, meli ya kivita ya Marekani ambayo Wajapani waliizamisha 1941 na watu 1,177. Mjapani, rubani wa kamikaze, anawatengenezea chai wafu wa upande wa pili kwa heshima ileile aliyowapa wenzake Tokushima. Mi naona ile ahadi ya rafiki yake hakuiacha hata siku moja, kwa kuwa mwenyewe hakuweza kuja, akawa anawapokea wengine wote kwa niaba yake, mpaka wale ambao rafiki yake alitumwa kuwaua.