Kabla ya kutoa, jumla ni ngapi?

Tumekuwa na Gredi ya Sita kwa mambo ya pembe zinazokosekana, yaani unapewa pembe kadhaa za umbo utafute iliyobaki, na nimezidi kuamini kitu kimoja, mtoto akikosa hilo swali mara nyingi shida si kujumlisha wala kutoa, shida ni hajui ile jumla inatoka wapi. 180 ya pembetatu ameikariri, anaiweka popote hata kwa umbo la pande nne, na ukimuuliza mbona 180 anakuangalia tu.

Kwa hivyo fomula niliiweka kando kwanza. Kila mtu achore pembetatu yake, nene, nyembamba, iliyolala upande, vyovyote, aikate, atie alama kona zote tatu, azichane, halafu azipange ncha zigusane pale kando ya rula. Zote zikalala kwa mstari mnyoofu! Ya huyu, ya jirani yake, hadi ya yule wa nyuma aliyechora kaumbo kembamba makusudi akitaka kakatae. Kelele iliyotoka hapo wacha tu. Na kwa vile wanajua mstari mnyoofu ni digrii 180, hakuna mtu aliwaambia, walijionea wenyewe (najua kuchana karatasi si uthibitisho, ile sababu yenyewe ya mistari sambamba itakuja baadaye, lakini sasa wana hamu ya kuijua). Pande nne hata haikusumbua, unapiga mstari kona hadi kona ya mkabala, unapata pembetatu mbili, 360, basi.

Halafu kutoa ni kama chenji ya matatu, huwezi kumdai konda kama hukumbuki ulimpa noti gani. Sasa kabla mtu aguse kalamu darasa zima linauliza, "jumla ngapi?" Pembetatu ina 65 na 48, hizo ni 113, jumla ni 180, iliyobaki 67.

Protrakta ndiyo bado inanipa kazi. Wengine wakiona mchoro wanaikimbilia wapime, na michoro mingi ya mtihani haijachorwa kwa vipimo halisi, unapima unapata 70 na jibu ni 67. Tena protrakta ina safu mbili za namba, 40 na 140 ziko mahali pamoja, ndio maana nasisitiza watazame kwanza kama pembe ni kali au butu, na hilo nitalisema mpaka wachoke kunisikia.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni kabro, yale matofali ya kutandaza chini. Zile za pande sita sawa, kila pembe ni 120, tatu zikikutana ni 360, hakuna nafasi inabaki, ndio maana zinalala vizuri chini. Msichana mmoja akauliza, "Ticha, na mpira?" Ule wa kawaida wa nyeusi na nyeupe, kila kona zinakutana heksagoni mbili (za pande sita) na pentagoni moja (ya pande tano). Tukaikata pentagoni kwa pembetatu tatu, 540, gawa kwa 5, 108. Jumlisha na 120 mbili, 348. Darasa likanyamaza kidogo halafu mtu akasema inakosa 12! Ndio, inakosa 12, na kwa sababu hiyo 12 haipo vipande haviwezi kulala bapa, lazima vijikunje, na vikijikunja hivyo kila kona unapata mpira. Mimi mwenyewe sijawahi kuona watoto wakitaka kujua pembe inayokosekana kwa moyo namna hiyo.

Jumatatu tunakata manila, pentagoni 12 na heksagoni 20, tuunganishe mpira mzima kwa gundi. Wakimaliza nitawapa sanduku la chaki: lina kona 8, kila kona zinakutana 90 tatu, kwa hivyo kila moja inakosa 90. Wajumlishe hizo zote, halafu wafanye za mpira, kona 60 mara 12, waniambie wamepata nini.