Daftari lenye safu mbili

Mimi ni mhasibu. Wenzangu wakikaribia kupata mtoto hununua kitanda. Mimi nilinunua daftari gumu la kurasa mia mbili, nikalipiga mistari usiku ule ule mke wangu alipolazwa. Miezi 12 niliishusha upande wa kushoto, na mbele ya kila mwezi nikaandika kwa penseli kile ambacho binti yetu atakuwa amekifanya: mwezi wa 2 anatabasamu, wa 4 shingo imekaza, wa 6 anakaa, wa 8 anatambaa, wa 12 anatembea. Mke wangu alilitazama mara moja akanirudishia.

"Hata hajazaliwa, ushamwandikia bajeti," akasema.

Bajeti yenyewe haikumaliza wiki. Binti alizaliwa na gramu 3,200. Siku ya tatu alipowekwa kwenye mizani, zikasomeka 2,980. Gramu 220 zimekwenda wapi? Nilipiga hesabu pale pale kwenye simu: karibu asilimia 7. Nikamfuata muuguzi na uso wangu wa ukaguzi wa mwisho wa mwaka. Yeye wala hakuacha anachokifanya. "Baba, kaa. Karibu wote hupungua siku za mwanzo. Anakojoa? Ananyonya? Basi, tusubiri wiki mbili." Siku ya 12 alikuwa na gramu 3,260.

Usiku ule nikapiga mstari mwingine katikati ya ukurasa. Kushoto nikaandika KILICHOINGIA, kulia KILICHOTOKA. Nilifanya hivyo kwa mazoea ya kazi tu, lakini safu ile ya kulia ndiyo iliyokuja kunifundisha mengi mwaka mzima, kwa sababu kila ukurasa ilikuwa na kitu, na mara nyingi nilikiandika kwa hofu.

Wiki za kwanza sina mengi ya kusema kwa sababu sikumbuki mengi. Kinyesi cheusi cha kunata, kisha cha kijani, kisha cha njano. Kunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, ambazo mtu akizisikia anadhani zina mpangilio. Hazina. Alilia bila machozi, na nikaona ajabu kwa sababu sikujua kwamba machozi ya kutiririka huja baada ya wiki kadhaa. Na macho yake yaliona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, yaani kutoka titi hadi uso wa mama. Mimi niliyekuwa nikimpungia mkono kutoka mlangoni nilikuwa ukungu.

Lakini alinishika kidole. Siku ya kwanza kabisa nilimgusa kiganja, akakikunja, akanishika kwa nguvu ambayo sikuitarajia kwa kiumbe cha ukubwa ule. Niliandika kwenye daftari, naona haya kusema, "Amenitambua." Mama mkwe naye alikuwa na ushindi wake: alimshika mtoto kwapani, akamsimamisha miguu ikigusa kitanda, na mtoto akanyanyua mguu mmoja, kisha wa pili, kama anayepanda ngazi. "Mwanangu, huyu atatembea kabla ya mwaka," akaniambia. Nikaandika na hilo.

Mwezi wa pili hatua zile zilitoweka. Ukimsimamisha, miguu inakunjana tu. Mwezi wa nne ukimgusa kiganja mkono unabaki umelegea, kidole changu hakishikwi tena. Kule kushtuka kwake pia, kule kurusha mikono yote miwili hewani kama anayeanguka kila mlango ulipobamizwa, kulikuwa kunafifia. Safu ya kulia ilijaa. Nilimbeba mtoto, nikabeba na daftari, nikaenda kwa daktari.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye subira. Alisoma kurasa zangu zote mbili, akacheka kidogo kwenye "Amenitambua". Akanieleza kwamba kushika kule hakukuwa uamuzi wa mtoto. Mkono ulijifunga wenyewe, kama goti linavyoruka likigongwa. Hatua zile za kitandani nazo ni hivyo hivyo. Mtoto huzaliwa na vitendo hivi vya kujiendea, na ubongo unapokomaa na kuchukua usukani, vinaondoka. Mkono unaojifunga wenyewe hauwezi kuchagua cha kushika. Lazima kwanza ulegee.

Wiki tatu baadaye alininyang'anya miwani. Aliitazama, akanyoosha mkono, akakosa, akanyoosha tena, akaikamata na kuivuta hadi mdomoni. Alikuwa na miezi minne na nusu. Safari hii niliandika "Ameamua", na sijajuta.

Nimeruka kilio, na kisirukwe. Huongezeka wiki hadi wiki, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha hupungua taratibu hadi mwezi wa tatu au wa nne. Wetu alianza jua likizama. Kanyonya, kavu, hana homa, analia. Tulibadilishana chumba kwa chumba. Siku moja nilihisi mikono yangu imekaza kupita kiasi, nikamlaza chali kitandani kwake, nikatoka nje dakika tano nikihesabu pumzi. Mtoto anayelia mahali salama hadhuriki kwa dakika tano. Mtoto anayetikiswa na mtu aliyechoka anaweza kufa. Hilo walituambia siku ya kutoka hospitali, na nikadhani wanatutisha. Katikati ya wiki hizo hizo mbaya, wiki ya saba, saa kumi na moja alfajiri, akanitazama machoni akatabasamu. Siyo lile tabasamu la usingizini. Safu ya kushoto: tabasamu. Safu ya kulia: jioni zote za mwezi.

Mwezi wa tatu alianza kulala saa tano mfululizo na tukawa watu wenye majivuno. Tuliwapa wenzetu ushauri! Mwezi wa nne akaamka kila baada ya saa mbili. Nilitafuta kosa letu kila mahali, kumbe usingizi wenyewe ulikuwa unajipanga upya. Usingizi wa mtoto mchanga ni wa hatua mbili tu. Karibu na umri huu unaanza kugawanyika kama wa mtu mzima, wenye kina na wenye wepesi, na kila mzunguko ukiisha anakaribia kuamka. Juu ya hayo alikuwa amegundua kujipindua, na alifanya mazoezi saa nane za usiku. Tuliacha kumviringisha mwili kwa kitambaa wakati wa kulala siku ile ile alipoanza kujaribu. Tuliendelea kumlaza chali, godoro gumu, bila mto wala mwanasesere wala shuka za kujaa kitandani, na alipoweza kujipindua pande zote mbili mwenyewe, daktari alitutoa kwenye zamu ya kumgeuza usiku kucha.

Chakula sitakikalia sana. Maziwa peke yake hadi miezi 6, bila hata maji, kisha vya kupondwa, na uso wa mtu aliyesalitiwa kwa kijiko cha kwanza. Asali hapana kabla ya mwaka kutimia, hata ya kulamba kidoleni, kwani inaweza kubeba bakteria wanaotoa sumu ndani ya utumbo mchanga. Jino la kwanza lilitoka mwezi wa tisa wakati mimi nimeliandikia wa sita. Na kuhusu meno nina ugomvi kidogo: kila kitu husingiziwa meno. Udenda, sawa. Kukasirika, sawa. Lakini homa ya digrii 38 na zaidi si ya meno, na kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu ni ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo, si ya kusubiri asubuhi.

Sasa nifike mwezi wa nane, mwezi uliotuvunjia heshima mbele ya mama mkwe.

Tangu kuzaliwa, binti alikuwa mtoto wa watu wote. Yeyote alimbeba, naye alimchekea yeyote. Mama mkwe alisafiri wiki tano, akarudi amebeba zawadi, akanyoosha mikono mlangoni, na mtoto akamtazama kwa makini, midomo ikaanza kutetemeka, akaangua kilio na kunificha uso begani. Bibi yake mzaa mama! Mke wangu aliniangalia mimi kana kwamba nimemfundisha. "Mama, samahani, ana usingizi," nikasema, wakati ametoka kuamka. Mama mkwe aliketi mbali, akiwa amevunjika moyo, na mimi usiku nikaandika upande wa kulia: "Ucheshi."

Wiki ile ile nilikuwa nimefanya jaribio dogo. Mwezi wa tano nilikuwa nikifunika kijiko kwa kitambaa mbele yake, naye anageuka kutafuta kingine. Kijiko kisichoonekana hakikuwepo duniani. Mwezi wa nane alikivuta kitambaa na kukitwaa kijiko chake. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliwachunguza watoto wake watatu akaandika juu ya jambo hili, kwa hiyo si mimi baba wa kwanza mwenye daftari. Na mtoto anayejua kwamba kijiko bado kipo chini ya kitambaa anajua pia kwamba mama aliyetoka chumbani yuko mahali fulani, si hapa. Ndiyo maana mke wangu hakuweza tena kwenda msalani peke yake. Na anayewajua wake kwa kweli, anajua pia nani si wake. Wiki tano kwa mtoto wa miezi minane ni nyingi mno.

Nilimweleza mama mkwe haya. Akasema, "Kwa hiyo amenililia kwa sababu ana akili." Akaanza kukaa sakafuni bila kumwita, akivingirisha kikombe cha plastiki huku na huku. Siku ya tatu mtoto alimfuata.

Alimfuata kwa kusota. Huyu hakutambaa kamwe. Alikaa, akatumia mguu mmoja kama kasia na makalio kama mtumbwi, akavuka sebule. Mstari wangu wa mwezi wa 8 ulibaki mtupu hadi nilipokutana na utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2006, wa watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Watoto wazima, wa afya njema, walianza kutembea peke yao popote kati ya miezi 8 na karibu 18, na kama wanne katika kila mia hawakuwahi kutambaa kwa mikono na magoti. Nilichukua kifutio nikafuta tarehe zote. Ukurasa ule una doa la kijivu mpaka leo.

Hata uzito ulinichezea mwishoni. Alifika kilo 6.5 akiwa na miezi mitano, mara mbili ya alivyozaliwa, nami nikaupiga mstari kuelekea mbele kama faida ya kampuni. Kisha ukapunguza mwendo. Sikukimbilia hospitali safari hii, nilisubiri kliniki ya kawaida, na daktari akanionyesha kwamba ndivyo mkunjo wa ukuaji wenyewe ulivyo: mara mbili kwa karibu miezi mitano, mara tatu kwa mwaka. Wale wanaokwenda mbio ile ile mwaka mzima hawapo.

Nikamuuliza kilichonikaa moyoni. Kama karibu kila kinachotoka ni kizuri, nitajuaje kibaya? Alilichukua daftari, akaweka kidole kwenye mstari wa katikati. "Wewe si mhasibu? Angalia pande zote mbili. Aliacha kushika kidole, akashika miwani. Aliacha kucheka na kila mtu, akajua watu wake. Kikitoka kitu na hakuna kilichoingia mahali pake, njoo siku hiyo hiyo." Mtoto aliyekuwa akibwabwaja akanyamaza. Aliyekuwa akitazama usoni akaacha. Anayefikisha miezi mitatu bila kutabasamu na mtu, asiyeshtuka kwa kishindo, au anayetumia mkono mmoja tu na kuuacha mwingine kabla ya mwaka. Niliyaandika kwa kalamu ya wino.

Siku alipotimiza mwaka alikuwa na kilo 9.4 na meno manne. Alisimama dede akishikilia kiti, akiachia sekunde mbili, akikaa kwa kishindo. Hakuwa akitembea. Alisema "baba" kwa uwazi kabisa, akiielekezea taa. Ile sehemu laini ya utosi bado ilikuwa ikidunda ukiigusa. Hiyo mara nyingi husubiri mwaka wa pili ndipo ifunge.

Nilikuwa nimeketi sakafuni na daftari nikitaka kufunga mahesabu. Akaja akisota, akalichukua kwa mikono miwili, akaligeuza juu chini. Nikanyoosha mkono: "Mpe baba." Akanipa. Nikashukuru, nikampa tena, akanipa tena, tukaendelea hivyo mara sita au saba. Mara ya nane akalifungua, akachagua kona ya ukurasa kwa kidole gumba na cha shahada, akauchana taratibu mpaka chini, akanikabidhi mwezi wa tisa.