Majina kumi na moja: siku yangu moja kituo cha maziwa, Rungwe

Saa 10:45 alfajiri

Mwezi wa saba huku Rungwe ukifungua mlango alfajiri unakutana na ukungu kizingitini. Nimeamka kabla ya simu kuita. Kuna karatasi mezani tangu jana jioni, na ndiyo iliyonikatia usingizi. Ina majina kumi na moja ya wafugaji wa ushirika wetu ambao maziwa yao yamesoma chini ya 28 kwenye laktomita, kile kipimo cha kutumbukiza kwenye maziwa kinachosoma namba ndogo yakitiwa maji, zaidi ya mara tatu ndani ya wiki mbili. Leo saa 8 mchana kamati inakaa. Utaratibu wetu unajulikana: anayetia maji anasimamishwa mwezi mzima.

Mimi ndiye msimamizi wa kituo, na orodha nimeiandaa mwenyewe. Kamati itaniuliza swali moja, tuwasimamishe au la? Kwa mwenye ng'ombe mmoja, mwezi bila kuuza maziwa maana yake ada ya mtoto haipo na pumba za huyo ng'ombe hazipo. Sitaki kujibu kwa kubahatisha.

Saa 12:15 asubuhi

Mapokezi. Kijana wetu ananusa kwanza, anafanya kipimo cha alkoholi kuona kama maziwa yanakatika, kisha anatumbukiza laktomita. Wa kwanza kufika siku zote ni wale wa vitongoji viwili vilivyopakana na kituo.

Akaja bibi mmoja anayeishi nyuma tu ya shamba la migomba. Jina lake ni la nne kwenye karatasi, na hajui. "Ugonile, mwanangu." Nikaitikia, "Ndaga, bibi." Akafungua keni, mvuke ukapanda. Nikaishika keni ubavuni, joto kabisa, kama kikombe cha chai iliyomiminwa muda si mrefu. Laktomita ikazama, ikatulia kwenye 26. Kijana akaandika 26. Bibi akaitazama kalamu.

"Mwanangu, mimi nina ng'ombe mmoja na mjukuu mmoja. Maji nitie ya nini?"

Sikumjibu. Macho yangu yalikuwa kwenye ule mvuke.

Saa 2 asubuhi

Bodaboda za kutoka juu, upande wa mlima, zimefika. Nikaanza kushika kila keni kabla haijafunguliwa. Baridi. Baridi. Baridi. Laktomita ikasoma 30, 30, 31, 29. Nikarudi ofisini nikafunga mlango.

Saa 3:30 asubuhi

Hapa ndipo siku yangu ilipokaa.

Daftari letu lina safu za jina, saa ya kufika, lita, joto, laktomita. Nikafungua wiki sita nyuma. Mpaka tarehe 8 safu ya joto imejazwa vizuri. Kuanzia tarehe 9 ni tupu mpaka chini. Nakumbuka siku hiyo. Kipimajoto kilidondoka sakafuni kikapasuka, nikasema nitanunua kingine nikienda Tukuyu mjini. Sikununua. Kosa hilo ni langu na nimeliandika hivyo kwenye maelezo ya kamati.

Laktomita yetu imeandikwa shingoni nyuzi 20. Maana yake inasema kweli maziwa yakiwa na nyuzi 20. Maziwa ya moto hutanuka na kuwa mepesi, kwa hiyo laktomita huzama zaidi na kusoma namba ndogo, utadhani yametiwa maji. Chuo cha mifugo Madaba walitufundisha kwamba kwa kila nyuzi moja juu ya 20 unaongeza 0.2. Maziwa ya nyuzi 32 yakisoma 26, unaongeza 2.4, unapata 28.4. Lakini joto likipita 25 hesabu hiyo haiaminiki sana. Ni heri kuyapoza kwanza ndipo upime. Na yaliyotoka kukamuliwa sasa hivi yanahitaji kutulia, maana yana mapovu na mafuta yake hayajaganda.

Haya yote nilikuwa nayajua, na bado nimekaa wiki mbili naandaa orodha ya watuhumiwa.

Nikachukua karatasi, nikaandika mbele ya kila jina saa ya kufika. Tisa kati ya kumi na moja ni wa vitongoji vya jirani, wote wanafika kabla ya saa 12:45. Wawili tu ndio wa mbali. Ukisema majirani wa kituo wamekubaliana kutia maji wiki ileile kipimajoto kilipovunjika, basi uwe na sababu nzito.

Nikaangalia lita. Anayetia maji kwake nyumbani anatafuta lita ziongezeke. Asipoongeza lita anapata nini? Kwa wale tisa lita ni zilezile za mwezi uliopita. Hilo peke yake halitoshi kumsafisha mtu, ila ukiliweka pamoja na mvuke lina uzito.

Wale wawili wa mbali ndio walionichukua muda. Keni zao hufika baridi, kwa hiyo joto haliwatetei. Wa kwanza alikuwa akileta lita 7 zinazosoma 30, sasa ni lita 8 zinazosoma 26. Piga hesabu: lita 7 za 30 ukimimina lita moja ya maji unapata 26 na kidogo. Wa pili alikuwa na lita 7 za 30, na sasa ana lita 7 zilezile za 26. Huyu ndiye aliyenisumbua. Kama ni yeye anayetia maji, faida yake iko wapi? Lakini mtu akitoa lita moja ya maziwa njiani na kujazia maji, hesabu inakuja vilevile. Mfugaji huyu haji mwenyewe. Keni yake inabebwa.

Saa 5 asubuhi

Nimeenda sekondari ya kata kuazima kipimajoto cha maabara. Mwalimu wa kemia amenipa bila maswali, nimesaini, nimerudi.

Saa 8 mchana

Kamati. Mzee mwenyekiti ameanza na orodha, na mjumbe mmoja amesema waliomo wote watoke, namba zimeshasema. Nikaomba dakika kumi.

Nilichota maziwa kwenye tangi mbele yao, nikayagawa kwenye majagi mawili. Jagi moja nikalipasha kwenye beseni la maji ya moto mpaka nyuzi 32, la pili nikalipasha kidogo tu mpaka likapanda kutoka ubaridi wa tangi hadi 20. Nikamwomba mzee asome mwenyewe. Akavaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia jagi. La baridi, 29 na nusu. La moto, 26.

Akasoma tena. "Ni maziwa yaleyale?"

"Ni yaleyale, mzee. Umeniona nikichota."

Yule mjumbe akachukua laktomita akarudia mwenyewe, nami nikafurahi alivyorudia, maana nilitaka aone na si aniamini mimi.

Tumeamua hivi: leo hasimamishwi mtu. Wale tisa watapimwa upya kuanzia kesho, maziwa yakishapozwa. Wale wawili, tunachukua sampuli zizini, ng'ombe akikamuliwa mbele yetu, kisha tunalinganisha na kinachofika kituoni. Kipimajoto kinunuliwe leo leo, na cha akiba.

Saa 10:30 jioni

Nimepanda kwa yule wa lita 7. Baba wa makamo, kimya. Alikuwa anakatakata mabingobingo. Nikamweleza kilichonileta bila kuzunguka. Akaosha mikono, akaosha chuchu za ng'ombe kwa maji ya uvuguvugu, akakamua nami nimechuchumaa pembeni. Nikatia sampuli kwenye chupa, tukaiweka kwenye mfereji unaopita chini ya migomba yake. Tukasubiri muda mrefu, tukizungumza bei ya parachichi. Ilipofika nyuzi 20 nikapima. 30.

Alikaa chini kwenye jiwe. "Kwa hiyo ulifikiri ni mimi."

"Jina lako lilikuwa kwenye orodha, baba. Nisamehe."

Simtuhumu anayembebea, sina sampuli ya njiani bado. Kesho keni itafungwa waya mbele yake, na waya nitaukata mimi kituoni. Yule wa lita 8 nitakuwa zizini kwake kesho jioni.

Saa 2 usiku

Nimempigia kijana wa mapokezi: kesho keni za mapema zikae kwanza kwenye beseni la maji ya baridi, na safu ya joto isiachwe tupu hata mara moja. Ameuliza kama bibi wa nyuma ya migomba atakubali kusubiri. Nimemwambia amwekee kiti ndani, karibu na jiko, na ampe chai.

Ile karatasi sikuichana. Nimeibana kwenye faili pamoja na muhtasari wa kikao na vipimo vya majagi mawili.