Neti yangu na tundu lake
Jamani mimi nilikuwa najiona mjanja kwa sababu nalala ndani ya neti kila siku, kumbe neti yenyewe ina tundu la kupitisha kidole gumba na mbu wanaingia kama kwao vile 😂 malaria ikanilaza wiki nzima. Juzi nimeishona, nikaifua kwa sabuni ya kawaida nikaianika kivulini maana jua kali linaharibu dawa yake, na usiku nachomeka pindo chini ya godoro. Halafu ile ndoo ya maji ya mvua nyuma ya nyumba, kuchungulia naona viluwiluwi wanacheza tu!! nikamwaga palepale. Sasa bado wavu wa dirishani, mwenye nyumba ananizungusha tu kila nikimuuliza