Siku moja maishani mwangu: fundi wa vifaa tiba, Tanga

Saa 12 asubuhi nishatoka Ngamiani na baiskeli, chai na mkate wa ajemi napitia kibandani.

Saa 1 na nusu, thieta, chumba cha upasuaji. Leo kuna upasuaji wa matundu madogo, kemera inaingia tumboni, kutoa kifuko cha nyongo, kwahiyo kabla sista hajapanga vyombo mi nishacheki mtungi wa gesi, nimewasha taa, nimeielekeza kemera kwenye gozi nyeupe, kile kitambaa cha kufungia vidonda, ili rangi zikae sawa, maana ikikosea nyeupe hata damu itakuja na rangi ya ajabu. Lenzi tunailoweka maji ya moto kwenye chupa ya chai, usipofanya hivyo ikiingia tumboni inashika ukungu hapohapo.

Saa 5 kesi imeisha salama. Dokta akanionesha video kwenye simu, huko nje wanatoa uvimbe kwenye figo kwa matundu na figo yenyewe wanaiacha. Badala ya kubana ateri nzima, mshipa mkubwa unaoleta damu kwenye figo, wanabana kitawi kinacholisha uvimbe tu, halafu mtu wa usingizi anapitisha dawa ya kijani kwenye kanula, indosianini grini, kemera inabadilishwa modi na muda si mrefu figo inawaka kijani yote isipokuwa pale palipobanwa, pale giza totoro. Pakiwaka napo ujue kuna mshipa mwingine umekupita. Ukibana ateri nzima figo yote inakosa damu, na madokta wanapigania isizidi dakika 25 au 30, ndo maana hicho kitawi ni habari kubwa kuliko hiyo kijani inayopendeza kwenye video.

"Fundi, kemera yetu haiwezi?"

Haiwezi. Dawa inamulikwa na mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita kama 800, inarudisha kama 830, jicho haliuoni na kemera yetu ina kichujio kinachouzuia. Sista akabisha, mwanga gani hauonekani? Nikachukua rimoti ya TV, nikaielekeza kwenye kemera ya selfi nikabonyeza, kitaa kikamemeta zambarau kwenye simu wakati kwa macho hakuna kitu. Akabonyeza weee mpaka nikamnyang'anya rimoti ya watu hahaha.

Saa 8, nebulaiza mbili, zile za kuvutia dawa kwa mvuke, na mashine ya oksijeni, filta chafu tu.

Saa 10 jioni nikamwandikia dokta vizuri. Ni kubadilisha taa, kichwa cha kemera na lenzi, sio kuongeza programu tu. Na kijani ile inapakwa na mashine, inaonesha damu imefika, haikwambii figo itafanyaje kazi baadae. Ila dawa yenyewe inatolewa na ini kupitia nyongo, kwahiyo kemera hiyohiyo inaonesha mirija ya nyongo ili isikatwe kimakosa. Nikamwambia bajeti asiombe kwa jina la figo, aombe kwa jina la nyongo, hizo ndo tunazo kila mara.

Kajibu, "Hapo umeniweza fundi, niandikie bei."