Nilivyomshonea binti yangu gauni la leso

Joto la Kisumu halipatani na magauni mengi ya watoto yanayouzwa madukani. Yanameta, yana bitana ya nailoni, na kufika saa saba mchana mgongo wa mtoto umelowa. Nilitaka gauni la mikanda, la pamba tupu, linaloacha mabega wazi, na nilitaka liwe la leso, yaani kanga. Kitenge nakipenda, lakini vingi ni vizito kwa mtoto anayeshinda akikimbia juani. Leso ni nyepesi na hukauka upesi. Halafu ina pindo lake, ule ukingo wa urembo unaoizunguka, na pindo hilo ndilo lililonifanya niikate pateni, yaani kielelezo cha karatasi cha kukatia nguo, kwa namna yangu mwenyewe.

Pateni niliitoa kwenye intaneti nikaichapisha saiba. Kijana wa pale nilimwomba achapishe kwa asilimia 100, asiruhusu printa ipunguze ukurasa ili uingie vizuri kwenye karatasi. Pateni za aina hii huwa na mraba mdogo wa kupimia, na wangu uliandikwa sentimita 5. Niliuwekea rula pale pale kaunta kabla hajaendelea na kurasa nyingine. Mraba huo ukipungua milimita mbili tu, kifua cha gauni hupungua zaidi ya sentimita mbili, na hapo nguo haivaliki.

Saizi za pateni za Ulaya hufuata urefu wa mtoto kwa sentimita, wala si umri wake. Namba 116 ni ya mtoto wa sentimita 116. Binti yangu ana sentimita 121, lakini ni mwembamba, kifua chake 57. Kwa hiyo upana niliufuata wa 110, urefu nikaufuata wa 122. Mtoto mwembamba ukimkatia kwa urefu wake peke yake, kwapa huachama na mikanda haitulii begani.

Leso nilinunua doti moja mjini, rangi ya machungwa na nyeusi. Katika kuchagua nilisoma majina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso, kwa makini, kwa sababu leso nyingi husema mafumbo ya watu wazima, vijembe vya majirani na wake wenza, na sikutaka mtoto atembee na ugomvi ambao si wake. Niliyochukua jina lake ni la kumshukuru Mungu. Fundi mmoja anayepinda leso barazani alipoona nimebeba na karatasi za pateni, aliniambia, “Mama, usiiguse na mkasi kabla hujaifua.” Ni kweli kabisa. Leso mpya ina wanga, hurudi kidogo ikifuliwa, na nyeusi yake huchuja. Niliifua peke yake kwa maji baridi hadi maji yakatoka safi, nikaipiga pasi ingali na unyevu.

Baada ya hapo leso moja ilikuwa na sentimita 148 kwa 106, na pindo la sentimita 11 pande zote. Pateni ilitaka sketi ya vipande viwili vyenye mshono kila ubavu. Mimi nilikata kipande kimoja kirefu, ili pindo la chini lizunguke bila kukatika na jina likae mbele katikati, juu kidogo ya pindo. Mapindo ya kushoto na kulia niliyatoa yote. Ikabaki sentimita 126 ya upana, na mshono mmoja tu, nyuma. Kimo cha sketi nilikata 54.

Mapindo yale mawili yalizaa mikanda minne. Kila moja nililikata katikati, nikalikunja, nikalishona kwa ndani na kuligeuza kwa pini ya kufungia. Mikanda hufungwa fundo begani, hivyo hakuna kifungo cha kusogeza mtoto akikua.

Pateni ilikuwa na zipu mgongoni. Niliiacha, maana nataka avae mwenyewe bila kumwita mtu. Kipande cha nyuma cha kifua nilikiongeza sentimita 12, nikapitisha lastiki juu na kiunoni. Bitana nilitumia pamba nyeupe nyepesi.

Kabla ya kuvuta marinda nilipiga makunjo mawili kuzunguka sketi, juu ya jina, kila moja likimeza sentimita mbili. Ukitegemea upindo mpana wa kuteremshwa baadaye, pindo la leso linapotelea ndani, na uzuri wa nguo unaishia hapo. Makunjo haya huonekana kama urembo, lakini kazi yake ni kutunza urefu wa kufumuliwa mtoto akirefuka. Niliyashona kwa hatua ndefu ili yafumuke bila kuchana kitambaa.

Marinda yenyewe yanataka subira. Nililegeza uzi wa juu, nikaweka hatua ya milimita nne, nikapiga mistari miwili: mmoja sentimita moja kutoka ukingoni, wa pili sentimita mbili. Mshono wa kweli hupita katikati yao, kwenye moja na nusu. Unavuta nyuzi za bobini tu, zile za chini, zote mbili pamoja, polepole kutoka kila upande, huku ukisukuma mikunjo kwa kidole gumba. Sentimita 126 ziliingia katika 76 za kiuno, mara moja na nusu na zaidi, na kwa leso kiasi hicho kinatosha. Ukizidisha sana, kiuno cha mtoto kinavimba. Nilipiga bandi, mshono wa muda, kwa mkono kwanza, kisha ndipo nikapitisha cherehani. Mstari ule wa chini ulioonekana kwa nje niliutoa mwishoni.

Alipolivaa jina lilisomeka lote, kwa kuwa marinda hufunguka yanaposhuka. Leso ya pili ya doti ni yangu, naivaa nzima. Pindo la juu la leso yake lilibaki, na ameshaniambia anataka mfuko, upande wa kulia, wenye kina cha kutosha njugu. Nimelikunja mara mbili nione kama litafika. Linafika.