Shotigani ikukae mwilini kwanza

Jamani wawindaji wenzangu wa Dodoma, kabla hujalaumu risasi angalia kwanza kitako, ile mbao ya nyuma inayokaa begani. Shotigani kwa kawaida haina saiti ya nyuma ya kulengea, jicho lako ndo saiti yenyewe, kwa hiyo shavu likikaa juu mno marisau, vile vigololi vya ndani ya risasi, yanapita juu ya kanga, likizama yanapita chini, na kitako kikiwa kirefu kinanasa kwenye nguo kila ukiinyanyua, hasa asubuhi za Juni huku Bahi, kwenye upepo ule wa baridi umevaa sweta na jaketi juu, afu mchana umebaki na fulana bunduki ileile unaiona fupi.

Jipime hivi: hakikisha haina risasi, elekeza pasipo na mtu, fumba macho, iweke begani, fumbua. Uone shanga ya mbele, kale kadoti ka ncha ya mtutu, iko katikati na mgongo wa mtutu kidogo tu, ukiona mgongo mwingi shavu liko juu.

Afu bandika karatasi kubwa yadi 16, piga harakaharaka bila kulengalenga. Marisau yakienda inchi 1 chini ya pale ulipotazama, kitako kinyanyuliwe inchi 1/16 pale shavu linapolala. Mi naanza na vipande vya kadibodi na tepu, napiga tena, ndo naenda kwa fundi, maana mbao ikishachongwa hairudi.